Feni Yetu Iko kwa Farasi

...sasa pale simu ilipokatika, dada, ulikuwa unaniuliza huyo mwanamke wa Baba Neema anakaa wapi, na mimi nikawa nakujibu anakaa bandani na ana miguu minne. Sijui kama hiyo ya miguu ilikufikia. Nilisikia tu "Mungu wangu!" halafu salio likaisha, na nilipoweka vocha wewe hupatikani. Nikaona bora niandike, hata kama mwandiko wangu unaujua, kabla Kaka Alfonsi hajapanda basi kuja kunichukua.

Shikamoo dada Felista. Mama anaendeleaje na ule mguu? Anakula? Maana Kosmasi kaniambia tangu asikie hizo habari hataki hata uji. Mwambie anywe uji, mimi ni mzima. Neema mzima, baba yake mzima, ila amekonda kwa kukosa usingizi. Mimi mwenyewe leo situlii. Nimekaa jikoni naandika, lakini sikio liko bandani, nikiandika mstari nainuka, nikiinuka nakaa. Ngoja nikueleze utaelewa.

Kwanza huyo Kosmasi. Mtoto wa shangazi na utingo wake wa lori! Alipita hapa mwezi uliopita, jioni, akamkuta shemeji yake anatoka nyumbani na feni begani, shuka zangu za maua kwapani, halafu ananukia mafuta ya nazi kama bibi harusi. Hakuuliza. Akala ugali, akaongezewa na nyama, akashukuru vizuri, akafika huko Songea akawaambia shemeji ana nyumba ndogo na anahamisha vyombo kidogo kidogo. Leo karudi. Nimemshika mkono mpaka bandani nikamwambia, "Haya, msalimie huyo nyumba ndogo."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Sasa da Oti, mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza! Mdomo wa kula si unao?"

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, lori linaondoka kesho asubuhi. Nimetafuta gundi, nitaibandika pande zote.

Sasa farasi. Huku mlimani Meru Baba Neema anatunza farasi wa Bibi mmoja mjane, wale wanaopandwa na watalii. Farasi jike mmoja, Zawadi, wa kahawia, ndiye watalii wanampenda kwa sababu hana papara. Sasa mvua zilipopungua na joto likaingia, Zawadi akaanza kujikuna. Dada, kujikuna gani! Anajisugua kwenye nguzo, kwaru kwaru kwaru, mpaka nywele za shingoni zikaisha, mkia ukabaki kama ufagio wa chelewa uliochoka, damu inatoka. Wenzake pembeni wala hawana habari, wanakula majani yao.

Baba Neema akasema ni upele. Akashuka mpaka mtaa wa Sakina kwa mafundi magari akaomba oili chafu, si unajua hata kwetu mbwa tunampaka hiyo. Akampaka. Lahaula! Ngozi ikavimba, ikachubuka, ikawa afadhali ya mwanzo. Mama Anaeli, jirani yetu Mmeru mwenye shamba la migomba hapo nyuma, akaja kuangalia mikono kiunoni. "Huyu kaangaliwa na jicho baya." Nikamwambia, "Wewe ndiye unayemwangalia kila siku, dirisha lako linatazama huku!" Akacheka mpaka khanga ikamdondoka.

Lakini Bibi hakucheka. Alikuja, akamgusa shingo Zawadi, akamwambia Baba Neema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Laurenti, mtalii hawezi kupanda kidonda. Hawa wengine wamezeeka. Huyu asipopona nauza wote, nafunga banda." Unaelewa hapo, dada? Banda likifungwa Baba Neema hana kazi, na nyumba tunayolala ni ya kazi. Ada ya Neema hiyo imekwenda, na godoro juu ya basi tunarudi Songea na umri huu, na watu wameshaambiwa nimeachika.

Akaletwa daktari wa mifugo, msichana tu, ana buti kubwa kuliko yeye. Akaangalia, akauliza, "Jioni anakaa wapi?"

Baba Neema akajibu kwa raha kabisa, maana hapo ndipo alipojiona bingwa. "Jioni nampeleka pale chini kwenye migomba, karibu na mfereji. Kuna kivuli, kuna ubaridi. Anapumzika mpaka giza."

Daktari akasema, "Twendeni." Tukashuka naye jua linazama. Akamshika Zawadi tumboni, akapitisha kitambaa cheupe, akatuonyesha. Dada, vidudu! Vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, na mimi nilikuwa naona siku zote nikadhani ni vumbi. Akasema hivyo vinauma jioni na alfajiri, vinapenda penye maji yaliyotulia, mbolea mbichi, na mashina ya migomba yanayooza. Na pale mashina yalikuwa lundo, Mama Anaeli akishakata ndizi anayatupa hapo hapo. Kuna farasi wakiumwa hawajali, na kuna ambao mwili unakataa yale mate ya mdudu, ndio wanawashwa hivyo.

Akamgeukia Baba Neema: "Baba, mnamleta mezani kila jioni, na chakula chenyewe ni yeye."

Ungemwona Baba Neema! Mtu mzima kashika kofia kama yuko msibani. Kila jioni alikuwa anamshusha pale kwa mapenzi.

Daktari akasema ugonjwa wenyewe hauishi, kila joto la unyevu likija utarudi, dawa ni kuzuia kabla hajaanza kujikuna. Aingie bandani jua likiwa bado juu, asitoke mpaka asubuhi kumekucha vizuri. Mbolea izolewe kila siku. Aogeshwe maji ya uvuguvugu, vidonda vipate dawa aliyoacha, penye ngozi nzima apakwe mafuta mepesi. Avalishwe kitambaa. Na upepo uwepo, maana hivyo vidudu ni vidogo, upepo ukivuma haviwezi kuruka.

Sasa mimi haya ya mwisho sikuyasikia, nilikuwa nimeshaanza kumsimulia Mama Anaeli. Ndiyo maana jioni iliyofuata nakuta feni haipo! Ile tuliyonunua tulipokaa Sombetini, bati linachoma. Kesho yake chandarua hakipo. Kesho kutwa mafuta yangu ya nywele kopo tupu. Nisikufiche dada, na mimi niliwaza mwanamke. Nikamfuata nyuma nyuma, nikachungulia bandani. Namkuta feni inazunguka, yeye kapiga magoti anapaka mkia mafuta, anabembeleza, "Tulia mama, tulia mrembo wangu, pole."

Nikasema, "Na mimi nani atanipaka?"

Akaruka akapiga kichwa kwenye boriti. "Mama Neema! Nilitaka kukwambia lakini hunipi nafasi ya kuongea!"

Hapo dada alisema kweli. Nikacheka nikakaa kwenye nyasi. Chandarua chenyewe hakikufaa, vidudu vinapita kwenye matundu kama watu mlangoni. Ndiyo nikatoa shuka zangu mbili za maua, zile ulizonipa uliponiaga, nikamshonea vazi la shingo na tumbo. Asubuhi Baba Neema anarudisha vazi na feni nyumbani, jioni anavibeba tena, ndivyo Kosmasi alivyomkuta. Usikasirike. Jumapili waliotoka kanisani walisimama kwenye uzio, mmoja akasema, "Huyo kapendeza kuliko kwaya."

Mama Anaeli ndiye aliyekuwa mgumu. Nimemwomba aondoe mashina ananiambia, "Migomba ilikuwepo kabla ya hicho kifarasi chenu." Nikamwambia basi, na ile mbolea tunayokupa uweke kwenye kahawa tutampa mwingine. Kesho yake nikaona ameanza kuyakatakata na kuwapelekea ng'ombe wake kule juu. Tunasalimiana vizuri tu.

Sasa kesho Bibi anakuja kumwangalia Zawadi, ndiyo maana nahangaika hivi. Vidonda vimekauka, lakini nywele mpya shingoni hatujaona, na juzi alijikuna tena kidogo. Saa hii jua limezama ndiyo saa yenyewe mbaya. Baba Neema yuko naye. Tumekubaliana akianza tu kujisugua ataniita nilete maji ya uvuguvugu, sufuria iko jikoni hapa inafuka. Kwa hiyo nasikiliza huku naomba nisisikie. Nimesikia kwaru. Hapana, ni Mama Anaeli anafagia. Usiku nao hauishi kuingia.

Kaka Alfonsi mwambie asinifuate, ila akitaka kuja kutembea aje, atakula ndizi za nyama mpaka aombe radhi. Msalimie shemeji mumeo na mafua yake. Wifi anayeuza maandazi stendi mwambie nimesikia amejifungua, Kosmasi hata jinsia ya mtoto hajui, mtu wa habari gani huyo! Padri mdogo aliyemfundisha Neema komunio msalimie. Shangazi, mama yake Kosmasi, mwambie mwanae nimemlisha tena leo japo hakustahili. Na Mama, mwambie

Dada, Baba Neema ananiita. Anaita "Mama Neema! Mama Neema!" Nimemjibu, "Maji nilete?"

Amesema, "Acha maji! Lete tochi, njoo uone shingo!"

Acha maji, dada. Umesikia? Kasema niache maji. Mwambie Mama anywe uji. Naenda.

Oti