Usinigawie Mzinga, Kaka

Kangeta, Igembe

Kwa kaka yangu Nyaga,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Watu huanza barua kwa kutumaini kwamba msomaji ni mzima. Mimi leo sitatumaini, nitauliza, na nataka jibu la kweli: hujambo, Nyaga? Usiniambie "niko sawa tu." Hilo nimelisikia kwenye simu mpaka limenichosha.

Barua hii anakuletea Njue, binamu yetu. Alileta ndengu hapa sokoni na pikapu lake liko nje ya lango la hospitali, linarudi nyumbani Kiritiri. Ningepanda naye sasa hivi, lakini daktari wa zamu ni mimi peke yangu mpaka kesho asubuhi. Nimemwomba akukabidhi mkononi na akae nawe ukisoma. Nimeamua kuandika kwa sababu simu wewe huikata. Nilipokuwa bwenini kule Embu, wewe ndiwe uliyekuwa ukiniandikia mambo ambayo mdomoni mwako hayatoki, kwamba umenikumbuka, kwamba nyumba imekuwa kimya bila kelele zangu. Basi leo nami nakuandikia.

Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haijatulia. Kangeta nimeizoea, ukungu wa asubuhi, soko la miraa, watu wakifunga na kupakia mbio kabla majani hayajanyauka. Kimeru changu bado kinawachekesha. Akina mama wa hapa wananiambia naongea kama mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Ningekusimulia mengi ya kukuchekesha, lakini Njue ameshapiga honi, na unamjua, subira hana.

Sisi madaktari wa familia tumekuwa tukienda darasani Meru mjini kila Ijumaa, kujifunza kutibu magonjwa ya akili. Usicheke. Hatusomei tu wale wanaookota makaratasi sokoni. Tunasomea watu wanaokuja kwetu kila siku wakilalamika kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, usingizi kukataa, nasi tunawaandikia dawa ya maumivu wanaenda zao. Mwalimu wetu ni mama mmoja mwenye sauti ya chini ambaye hadanganyiki. Anatufanya tuigize, mmoja daktari, mwingine mgonjwa. Na kuna swali moja ambalo lazima ulitamke kwa mdomo wako, waziwazi: je, umefikiria kujiua?

Nyaga, nilishindwa. Mimi, ambaye unasema mdomo wangu hauna breki. Nikazungukazunguka, nikauliza habari za presha, nikauliza habari za choo, darasa zima likaangua kicheko. Mwenzangu mmoja akanitetea, akasema, "Madam, kwetu huwezi tamka hiyo kitu. Ni kama unaita kifo kwa boma ya mtu."

Mwalimu akamjibu, "Kuuliza hakuiti kifo. Mwenye hilo wazo amekuwa nalo peke yake. Ukimuuliza, anapata mtu wa kumsaidia." Kisha akatufanya tulirudie swali, kila mtu kwa lugha ya kwao, mpaka hapakuwa na aliyekuwa anacheka.

Wiki iliyofuata akaja kwangu mkulima mmoja wa miraa, mtu wa makamo kama wewe. Jina lake silitaji, ni siri yake, na haya nakuambia kwa sababu alisema niwaambie wengine wakiyahitaji. "Daktari, mimi ni brucella," akasema hata kabla ya kuketi. "Si unipatie ile sindano niende? Mpaka magoti zinauma." Unajua huku na kwetu ni mamoja. Mtu akichoka ni brucella, ule ugonjwa wa mifugo, asipolala ni brucella, kwa maana nani hana mbuzi, na nani hajanywa maziwa? Alikuwa ameitibu brucella hiyo kwenye kila duka la dawa. Nikampima, hana. Akainuka aende. Nikamwambia aketi, nikamuuliza lile swali. Safari hii sikuzunguka.

Alivua kofia yake akaiweka magotini. Nilidhani atanitukana. Kisha akasema, "Daktari, hakuna mtu ameniuliza hiyo maneno." Akalia mbele yangu, mwanamume mzima. Akaniambia alikuwa ameshawagawia wanawe miraa yote, kila kijana na miti yake, na nyumbani wakamsifu kwamba baba amekuwa mkarimu. "Nilikuwa nataka kuacha kila kitu kama nimepanga," akasema. Hatukumwacha aende peke yake. Tukamwita mke wake, matibabu yakaanza, na jana asubuhi alikuja amenyoa ndevu. Brucella hakuitaja.

Sasa nisikilize. Jana hiyo hiyo jioni mkeo Rwamba alinipigia, na furaha tele. "Wawira, huyu kaka yako amekuwa mzuri siku hizi, hata hana makelele. Amegawa mizinga ya nyuki! Njue amepata, uncle Ireri amepata. Hata wewe umewekewa moja, ile iko kwa ule mti wa mugaa."

Nilicheka. Mimi na mzinga? Kisha kicheko kikanikauka. Kwetu mwanamume hugawa mizinga miguu ikikataa kupanda. Baba alikupa yake alipokuwa haoni tena tawi la kushika. Wewe miguu yako ina shida gani? Na tangu lini mwanamke wa kwetu akagawiwa mzinga? Mtu anayempa dada yake mzinga hafikirii tena nani atauvuna. Nikaketi kitandani. Nikakumbuka jinsi ulivyoacha kwaya tangu mvua ilipokataa na mbuzi wakaisha, wewe uliyekuwa sauti yao ya nne. Umeacha kumaliza chakula. Unaamka kabla ya jogoo na kukaa tu. Na kila tukikuuliza, brucella.

Nikakupigia papo hapo. Ukasema, "Wawira, wachana na hizo mambo za class. Mimi ni brucella tu, itaisha." Ukakata, ukazima simu.

Basi nakuuliza hapa ambapo huwezi kukata. Nyaga, unafikiria kujiua?

Ukisema ndiyo, sitapiga kelele. Sitaita mchungaji aje kukuombea mbele za watu, wala sitakuambia jikaze wewe ni mwanamume. Nitaketi karibu nawe. Ukisema hapana, na iwe hapana ya kweli, nitukane utakavyo kwa kukuharibia jina, na nitafurahi kutukanwa. Lakini usininyamazie. Nimekukasirikia, usidhani sikukasirika. Ulinibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule, halafu leo unaniachia urithi kama mzee! Na chini ya hasira hiyo naogopa, kaka. Wagonjwa wamenipita wodini mchana kutwa na sioni nyuso zao, naona yako.

Rwamba nimemwambia kila kitu. Usimlaumu, kosa liwe langu. Hatakuacha peke yako leo, na Njue atalala hapo kwenu, hata ukimfukuza. Hali ikizidi kabla sijafika, mwambie mmoja wao, neno moja tu linatosha, watakupeleka hospitali usiku au mchana. Kesho nikishakabidhi zamu naja moja kwa moja, na koti la kazi ikibidi. Hapo Embu kuna daktari tuliyesoma naye darasa hilo hilo. Nitakupeleka kwake, maana kwangu mimi utaona machozi tu. Ugonjwa huu unatibika, Nyaga. Nimeuona ukitibika kwa macho yangu, kwa mtu aliyekuwa amemaliza kupanga.

Msalimie Mama, na umwambie asichinje kuku, siji kama mgeni. Msalimie mke wako Rwamba, nampenda kwa kunipigia. Kitinda mimba wenu Muthoni mwambie shangazi yake anakuja na atalala kitandani kwake, ajiandae kubanwa. Na ami yetu Ireri mwambie, kwa heshima zote, mizinga ibaki pale pale ilipotundikwa, asiishushe.

Njue amekuja sasa mpaka mlangoni, ananitazama nikiandika. Yeye naye amepewa mzinga na alikuwa akijisifu nao hapa sokoni asubuhi. Nimemwambia maana yake. Hapigi honi tena.

Ningoje, tafadhali.

Mimi dada yako wa pekee,
Wawira

Ule mzinga wa kwenye mugaa siuchukui. Mti siupandi, na nyuki hawanijui. Utapanda wewe kuuvuna, mimi nitakuwa chini nimeshika ndoo.