Makuti Niliyotandika Njiani

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimemunyonyesha Kaneza, nimemufunga mgongoni, nimepanda njiani na panga. Kama jana. Nakata vichaka. Trekta ya asosiasyo, chama chetu cha wakulima, inakuja kwetu Jumatano, mara ya kwanza. Siku zote inaishia bondeni, sisi wa mulimani tunabaki na jembe. Mama Zubeda, mukubwa wa asosiasyo, alinichagua mimi nitengeneze njia kwa sababu inaanzia mulangoni kwangu. Sijawahi kuchaguliwa kwa kitu. Shule niliachia darasa la tano, kule kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi. Nafurahi.

Jumanne, 7 Oktoba
Mvua tangu alfajiri. Pale kijitoni, njia inapovuka, matope matupu. Nimekata makuti ya mchikichi nikayatandika, yamelaliana vizuri, kama tunavyomutandikia bibi harusi akiletwa ili asikanyage matope. Kaneza alipiga makofi.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeona haya. Haya tupu.
Trekta ilifika, wanawake wakapiga vigelegele, ikapita juu ya makuti yangu. Fssss. Tairi la mbele likalala. Hamisi, shoferi, akashuka akachomoa mwiba mrefu kama kidole. Ile miiba ya kikonyo cha kuti. Naijua. Kila tukikamua mawese naitoa mikononi, tangu utoto. Sikuikumbuka. Niliwaza matope tu.
"Nani alitandika kitanda hiki?" Hamisi akauliza.
Nikasema ni mimi.
"Aliona trekta imechoka, akailaza," mmoja akasema nyuma. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda nyuma ya migomba nikalia, na Kaneza akalia pia, masikini, bila kujua sababu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Hamisi amepeleka tairi mjini Rumonge kwa pikipiki. Trekta iko pale kijitoni, inaonekana kutoka mulangoni kwangu. Sikutoka. Maji nimechotewa na jirani.
Zamu yetu inaisha Jumamosi. Jumatatu trekta inaenda kwa wenzetu wa Kigwena. Ikienda bila kutulimia, ni jembe tena, na mvua imeshaanza, na Mama Zubeda mugongo haunyooki.
Elie, mume wangu, amerudi kutoka kuvua ziwani. Ameshasikia. Akasema, "Bibi harusi wako bado amelala?" Nikamupikia ndagala zake, dagaa wadogo, bila chumvi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Hamisi amerudi na tairi. Nilimupelekea maji ya kunywa.
"Amahoro, Mama Makuti," akanisalimu.
Nikamuuliza tairi linalindwaje. Aliniangalia kama namuchokoza. Halafu akaniambia, huku anakaza nati. Upepo unapimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Ukiwa kidogo, ubavu unalegea, unachanika kwenye mawe. Ukizidi, tairi linaruka ruka na jiwe kali linalipasua. Mwiba ukionekana unatolewa pale pale, kabla haujazama. Na shoferi aende polepole. "Lakini kibaya kuliko miiba yako," akasema, "ni visiki vilivyokatwa upande, vikabaki na ncha. Vile havitoboi. Vinapasua, na tairi lililopasuka ubavu halizibwi."
Nikakumbuka panga langu.
Alipoenda, nilipanda njia nzima. Kila kichaka nilichokata nilikikata kwa pigo moja, upande, kama tunavyokata sote hapa. Vimesimama ndani ya majani kama mikuki. Kazi yangu yote, kutoka mulangoni mpaka shamba la kwanza. Nilianza kung'oa, mvua ikanyesha, Kaneza akaanza kukohoa, nikashuka.
Sijamwambia mutu. Watasema nini sasa? Labda itapita salama. Labda.

Jumamosi, 11 Oktoba
Asubuhi trekta ilinguruma. Nilisimama mbele yake na mutoto mugongoni. Hamisi akazima.
Nikasema njia haiko tayari. Nikasema visiki ni vyangu.
Wanawake waliokuja na majembe wakasikia. Kisha mwanamuke mmoja akasema, "Huyu tumemukosea nini?" Nilitaka ardhi inimeze. Nikaona afadhali wanitukane.
Mama Zubeda hakunitukana. Aliangalia visiki, akasema, "Na mimi nakata hivyo hivyo." Akachukua jembe, na mugongo wake ule. Wengine wakamufuata, wananung'unika. Tulichimba, tukang'oa, kilichokataa tulikikata chini ya udongo tukakifukia. Kijitoni tuliweka mawe ya mviringo ya ziwani, wanawake wakiyabeba kichwani. Mikono ilitoka damu. Hakuna aliyeongea na mimi, ila mmoja aliyenipokea Kaneza ninyanyue jiwe.
Jua limeshapinda ndipo trekta ikapita. Hamisi aliangalia matairi yote, akashukuru, "Murakoze, bamama." Mashamba yote hayakuisha. La Mama Zubeda limelimwa, na ya jirani zake. Langu halikufikiwa.

Jumapili, 12 Oktoba
Kanisani nilikaa nyuma. Nilitoka kabla ya wengine.
Lakini Mama Zubeda, mwislamu, hakuwa kanisani. Alikuwa amekaa mulangoni kwangu, anasubiri. Akaniambia wale wa Kigwena wameomba mutu wa kuwaonyesha njia inatengenezwaje. "Utaenda weye na Hamisi," akasema. "Mutoto utaniachia." Nikasema watacheka. Akasema, "Watacheka." Akaenda.
Haya bado iko. Imekaa hapa kifuani.
Jioni nimelima kwa jembe, kipande kidogo. Kaneza alikuwa anacheza kwenye alama ya tairi, udongo umekauka, mguu wake wote unaingia kwenye mufereji mmoja. Nilipomubeba nikaona mwiba wa kuti kwenye ndala yangu. Nimeutoa. Sikuutupa njiani. Nimekuja nao mpaka jikoni, nimeutia motoni.