Springi za Watu Wawili

Mdogo wangu Inga,

Salamu kutoka Kautokeino, ambako baridi inagandisha hata uongo wangu kabla haujamfikia jirani. Mimi ni mzima, na bado ndiye mwanamume mtanashati kuliko wote hapa, kwa ushahidi wangu mwenyewe.

Pikipiki ya theluji nimeifunga springi na shokapu mpya za nyuma, laini, si zile ilizozaliwa nazo. Fundi nani? Mimi. Karatasi ya maelekezo niliwashia jiko. Wifi yako Risten anataka kwenda kuwaona kulungu wetu wa kufuga wakizaa, na zile za zamani zingemvunja mgongo.

Nilizikaza kwa uzito wa watu wawili. Jirani yetu Máhtte akashika futi apime nyuma itashuka kiasi gani. Nikapanda, ikashuka. Risten akapanda nyuma yangu na koti lake zito la manyoya. Haikushuka zaidi hata kidogo.

“Shemeji, umepanda au umeegemea tu?” Máhtte akauliza.

“Nimepanda, tena na viatu,” Risten akajibu.

Tukacheka sote. Kisha Máhtte akaitazama futi tena, akajifanya anatafuta spana.

Hospitali wamesema dawa za Risten basi, hazisaidii tena. Nilikuwa sitaki kukuandikia hilo.

Nimezilegeza, Inga, mpaka zimekuwa springi za mtu mmoja, na yeye bado amekaa nyuma yangu. Njoo kabla theluji haijayeyuka.

Kaka yako, fundi asiye na mpinzani,
Ánte