Nilimdanganya Mama Kulwa kuhusu zile sindano

Jumapili, katikati ya Julai. Bariadi ni upepo na vumbi tangu asubuhi.

Nimemkosea mke wangu. Naanza na hilo nisije nikazungukazunguka.

Mwaka jana Mama Kulwa alitolewa tezi ya shingo kule Mwanza, ilikuwa na saratani. Baadaye wakampa ile dawa ya mionzi ya kumeza. Vipimo vimekuja vizuri, tunamshukuru Mungu. Ila mate yalikauka. Ugali unamkaa mdomoni kama mchanga, kila tonge mpaka alisukume na maji. Kanisani alikuwa anaongoza nyimbo. Sasa hata ubeti mmoja haumalizi, ulimi unaganda.

Mimi napima pamba. Tangu kampuni za watu binafsi zianze kununua huku, niko kwenye mizani. Kazi yangu kubwa ni kukamata wanaolowesha pamba ili iwe nzito. Naingiza mkono kwenye gunia tu, najua. Sasa siku moja tunakula na shemeji zangu, nikasema, "Huyu analowesha ugali kama pamba ya kuibia mizani!" Wakacheka wote. Na yeye alicheka.

Tangu siku hiyo anakula jikoni, peke yake.

Daktari wa Mwanza ndiye alimwambia kuna wagonjwa wanasaidiwa na sindano za Kichina. Alisema haziponyi saratani, ila zinaweza kurudisha mate kidogo, ajaribu, na vidonge vyake asiache. Maswa kuna zahanati ambayo kila Jumatano anakuja dada mmoja aliyesomea kazi hiyo. Nikampeleka. Sindano zenyewe nyembamba kama nywele, anachomwa masikioni na kwenye vidole, analala nazo nusu saa. Hazina dawa ndani. Nilimuuliza yule dada, "Sasa sindano bila dawa inaingiza nini?"

"Haiingizi kitu, baba. Inaamsha."

Jumatano ya tano, tuliporudi, Mama Kulwa alikula kiazi kizima bila kikombe cha maji. Aliniita nije nione.

Nikajisahau, nikasimulia kwenye mizani. Masanja, mwenzangu wa kazi, akaangua kicheko. "Bhabha! Mpimaji mzima unatoka hapa mpaka Maswa kufuata sindano tupu? Umepigwa! Huyo ni mganga kavaa koti jeupe." Kesho yake wabeba magunia wote wakawa wananiita Sindano Tupu. "Sindano Tupu, pima gunia hili! Sindano Tupu, mganga anakusalimia!"

Mimi niliyemcheka mtu, nikashindwa kuchekwa.

Nikarudi nyumbani nikamwambia, "Yule dada amehamishwa. Zahanati hawana mwingine."

Hakulia. Aliuliza tu, "Hata kuniaga?"

Miezi miwili sasa. Chupa ya maji imerudi mkononi, anatembea nayo kama simu. Na mara kwa mara anasema, "Yule dada alikuwa mtu mzuri. Sijui nilimuudhi nini."

Leo natoka kanisani, nimepitia sokoni, nikakutana na yule dada wa sindano, kaja Bariadi kununua mchele.

"Mwangaluka, baba! Mayu Kulwa hajambo? Kitanda chake cha Jumatano bado namwekea, nikajua labda anaumwa."

Nikamwambia ana shughuli za mavuno. Uongo wa pili, jua linawaka, Biblia kwapani.

Nimefika nyumbani nimekuta nimetengewa mezani, yeye yuko jikoni. Nikabeba sahani yangu nikamfuata. Nikakaa kwenye kigoda. Alishtuka, maana sijawahi kumfuata huko.

"Umekosa nini, Baba Kulwa?"

Nilidhani ameshajua. Kumbe anauliza kilichopungua kwenye chakula. Ulikuwa mlango umefunguliwa wazi kabisa, ni kuingia tu.

Nikasema, "Chumvi."

Akanipa chumvi. Nikatia kwenye mboga ambayo ilikuwa na chumvi ya kutosha, nikala yote, naye anakunywa maji yake taratibu kila tonge, amenipa mgongo nisimwone.

Nimekuwa mtu gani?

Kila asubuhi anameza kidonge chake, halafu anasubiri karibu saa nzima ndipo anywe uji. Huwa anakaa nje kwenye mkeka, hana la kufanya. Kesho nitakaa naye na nitaanzia hapo hapo: sikukosa chumvi. Nitasema na ile ya ugali, maana sasa naona ndiyo ilitangulia. Akikasirika ni haki yake.

Masanja nitamwambia mwenyewe kwamba Jumatano sipo kwenye mizani na ninakokwenda ni wapi. Aite jina analotaka.

Na Jumatano hii, saa mbili asubuhi, kama atakubali kwenda na mimi, tutakuwa stendi tunapanda gari la Maswa. Yule dada nitamwambia mbele ya Mama Kulwa kwamba hakuhamishwa na mtu. Nilimhamisha mimi.