Ndege wa Chumba Baridi

Dubai, Jumanne, Januari 2015

Nimeshatoka mara tatu kuutazama ule mlimau, na kila nikirudi chumbani siwezi kutulia.

Leo baada ya swala ya alfajiri niliingia chumba cha ndege, kile bosi wangu, madam, anachotaka kiwe baridi kama misitu ya milimani walikotoka hao ndege wavumaji wake. Yule mwenye koo la zambarau alikuwa amekauka juu ya kijiti, macho kayafumba. Nikamgusa, baridi kama jiwe.

Nikasema khalas, kwisha, wa pili huyo kufa. Nikamfunga kitambaa safi, nikachukua sepeto. Kwetu Malindi maiti hacheleweshwi, hata akiwa ndege chozi tu aliyeanguka uani.

Bi Rukia, mpishi wetu wa Kizanzibari, akanizuia mlangoni pa jikoni. "Hebu nipe nimtizame, mwanangu." Akamshika kiganjani karibu na jiko la chapati. Tukangoja. Mara kitambaa kikatikisika, kikavuma, na ndege huyo juu ya kabati!

Bi Rukia alicheka mpaka akakaa chini. Daktari wa ndege alipokuja akasema ni kawaida yao: usiku wa baridi hujizima ili njaa isiwaue, wakipata joto huamka. Madam akanishukuru kwa kumpeleka jikoni. Kunishukuru mimi!

Yule wa kwanza nilimzika Ijumaa chini ya ule mlimau, mwenyewe, haraka haraka, kabla jua halijatoka.