Mstari Mmoja Uliobaki kwenye Kadi ya Bwana Salehe

Idrisa, mjukuu wangu, mume wangu uliyenikimbia,

Marahaba. Ndiyo, nimeitikia kabla hujasema shikamoo, maana nikingoja wewe uanze nitazikwa na marahaba yangu mdomoni. Mwaka wa pili huu! Nilipodhani uko Mombasa nilikusamehe, nikasema ni mbali na nauli ni ghali. Kumbe uko Msata. Msata, Idrisa! Mama wa Fukayosi anayeuza mananasi ndiye aliyenieleza, kakuona kando ya barabara unashona maturubai ya malori. Mtu hamkimbii bibi yake akaishia Msata. Huko ni kujificha nyuma ya mlango na miguu inaonekana.

Anayeandika ni Mwanahawa, jirani yetu wa ukuta mmoja, kwani wajua mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyonitoka. Hapo pa miguu amecheka. Acha acheke, mimi sicheki. Nina hofu, baba, na hofu hiyo ndiyo inayokuandikia.

Unakumbuka nilipokufundisha kushona kofia? Ulikuwa hufiki kiunoni kwangu. Sindano ikakuchoma kidole, nikakinyonya damu, ukaniuliza, "Bibi, na wewe sasa unaumwa?" Nikakwambia ndiyo, naumwa zaidi yako. Sikuwa nakutania. Ulipokua ukapata cherehani na ukakalia baraza yetu, watu wakasema kanzu ya Idrisa shingo yake haiendi upande. Mimi nilikuwa nakaa ndani nasuka ukili wa mikeka, nasikia pedali yako ikienda, na moyo wangu ukienda nayo.

Halafu ukaja ule mwezi wa Ramadhani. Ulichukua jora la kitambaa cheupe dukani kwa Bwana Salehe, kwa jina la nyumba hii, ulipe baada ya Idi. Mkononi ulikuwa na kanzu kumi na mbili. Siku ya ishirini na tisa nikakwambia, "Idrisa, tia shingo leo." Ukanijibu, "Bibi, kesho bado tunafunga. Nina siku nzima." Nani alikwambia mwezi ni wako? Tulikuwa tunafuturu, tende i mdomoni, tukasikia watu wanapiga kelele toka ufukweni: umeandama! Nikakutazama. Uliendelea kutafuna tende ile ile mpaka nikaogopa.

Asubuhi wakaja wenye kanzu zao, wakashika nguo zisizo na shingo. Hakuna aliyetukana. Wakaenda kusali na kanzu kuukuu. Nani anunue kanzu Idi ikishapita? Siku ya tatu ukaniaga unakwenda kutafuta uzi. Nimeuona huo uzi, ni mrefu, umefika Msata.

Sikuandikii ili nikulaumu. Shingo zile nilizitia mwenyewe kwa mkono, na macho yangu haya. Moja ikavaliwa na bwana harusi wa Mlingotini, nyingine nikaziuza bei ya kutupa. Na mikeka yangu juu yake. Mwaka mzima, Idrisa, mpaka deni la jora likaisha. Siku ya kumaliza nikamwambia Bwana Salehe, "Haya, sasa nipe nusu ya sukari, Ijumaa nakuletea hela."

Akaanza kupangapanga sabuni. Unajua tabia yake hiyo. Halafu akasema, "Bi Tatu, deni umelipa, Mungu akulipe. Lakini umelipa ulipoweza. Siku tuliyopatana ilipita. Kukopesha nyumba yako bado naogopa."

"Basi nifanyeje, nizaliwe upya?"

"Ukope upya," akasema. "Kidogo kidogo. Ulipe kwa siku yake."

Akakata kipande cha boksi la majani ya chai, akaniandikia jina. Ndiyo kadi yangu hiyo. Jumamosi nachukua kitu kidogo, anachora mstari uliosimama. Ijumaa baada ya sala nalipa, anaukata kwa mstari wa kulala. Kusoma sijui, lakini mstari uliokatwa na usiokatwa naujua kama najua mtoto aliyelala na aliye macho. Akaniambia ikijaa kadi pande mbili bila kuteleza hata Ijumaa moja, nyumba hii itapewa jora tena.

Sasa sikiliza wazimu wa bibi yako. Hela ya sukari ninayo. Nimeifunga kwenye pindo la kanga kabla sijatoka nyumbani. Nakwenda nakopa sukari na hela ninayo, nikirudi fundo siligusi mpaka Ijumaa, hata mboga ikikosekana. Mwanahawa kila mara aniuliza, "Bibi, si ulipe tu papo hapo?" Namwambia, nikilipa papo hapo nimenunua sukari, jina sijalinunua.

Lakini hofu, Idrisa! Miaka yangu yote nilikuwa sidaiwi hata kiberiti. Nimekaa matanga mengi, sisi wanawake ndani, wanaume nje na jeneza, na tumesikia mtu akisimama kuuliza, "Nani anamdai marehemu?" Pale kila mmoja hutega sikio. Roho ya mwenye deni hairuhusiwi kwenda, inaning'inia. Na mimi kila Jumamosi naitundika yangu kwa hiari, kwa nusu ya sukari, nahesabu siku sita za kutokufa.

Juzijuzi Alhamisi homa ilinishika, meno yanagongana. Nikaona ndiyo leo. Nikajikokota mpaka dukani na kanga mbili, nikamwambia, "Kata mstari wangu, nakufa." Akatoka nyuma ya meza akanikalisha juu ya gunia la mchele. "Bi Tatu, leo Alhamisi."

"Malaika hawaangalii siku zako!"

"Hela nitaishika, na ukifa nitasimama mimi kusema hudaiwi. Lakini mstari naukata kesho. Mwenye kulipa mapema kwa kuogopa sijamjua bado. Namtaka anayelipa kwa kukumbuka."

Nikamtukana, Mwanahawa hataki kuliandika tusi lenyewe. Nikarudi nikalala namwomba Mungu anipe Ijumaa moja tu. Akanipa. Mstari ukakatwa, homa ikashuka. Tangu siku hiyo Mwanahawa nimemuusia: fundo liko pindo la kulia, kabla hajanifunga kidevu alipeleke dukani.

Kadi imejaa, mjukuu wangu. Mistari yote imelala, isipokuwa mmoja. Kwa huo wa mwisho sikuchukua sukari. Nimechukua uzi mweupe na vifungo, viko juu ya cherehani yako, chini ya kanga niliyoifunikia vumbi. Ramadhani imekaribia. Bwana Salehe ametoa neno lake, jora lipo, ameliweka kando. Ila amesema halitoki kwa mkono wa bibi. Anataka mkono wa fundi, aone uso wako, akuandikie kadi yako.

Basi mstari huu siku yake ni Ijumaa hii inayokuja. Hela ipo, fundo liko hapa naligusa. Naweza kuulipa mwenyewe, na usipotokea nitaulipa, wala usidhani nitaacha jina hili lianguke mara ya pili kwa ajili ya aibu yako. Nitaulipa nilale salama. Lakini nikiulipa mimi jina litakuwa langu, na mimi ni mzee, nitaondoka nalo. Utabaki na nini? Maturubai?

Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kufa nimeshazoea kuogopa. Ninachoogopa ni Ijumaa, kusimama pale dukani, watu wametoka msikitini, nageuka kila nisikiapo ndara nyuma yangu, na si wewe. Waliozikosa kanzu mwaka ule wameshasahau, wallahi, mmoja wao amenenepa, kanzu ile isingemwenea. Ni wewe tu uliyebaki unakumbuka.

Barua nampa dereva wa lori la nazi, kesho itakuwa mkononi mwako. Una siku za kutosha za kuogopa na kupanda gari. Ogopa, lakini uwe umepanda.

Ukija, usije nyumbani kwanza. Nenda moja kwa moja dukani na vumbi lako la safari, mpe Bwana Salehe shikamoo ya kusikika. Nitakuwa nimekaa juu ya lile gunia la mchele. Usinikumbatie wala usilie. Nyoosha mkono, nitafungua pindo, nawe umlipe uzi na vifungo kwa mkono wako, ukae utazame mpaka auchore mstari wa kulala.

Mimi bibi yako, mkeo wa kwanza,
mwenye roho inayoning'inia mpaka Ijumaa.