Bi Lurlene Hashikwi kama Yai

Jumatatu, 5 Mei 2003

Nimekabidhiwa sherehe! Bi Lurlene Gadsden anatimiza miaka themanini na mitano Jumapili ya tarehe 18, na chama chetu cha dansi kimeniangushia mimi maandalizi. Eti mimi ndiye mwanafunzi wake wa siku nyingi. Kweli, nani mwingine alifundishwa dansi ya swingi jikoni kwake, meza imesukumwa ukutani, mboga zinachemka? Niliingia pale na miguu kama ya tembo. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanishika mkono, na tangu siku ile sijawahi kukosa rafiki.

Ukumbi: ule wa chini ya kanisa. Bendi wanataka kulishwa. Watalishwa.

Jumatano, 7 Mei

Nimepita kumpa habari. Swali lake moja tu — duara lipo? Nikamwambia hapa Harlem birthday bila duara ni chai tu. Mwenye siku yake anakaa katikati anacheza, watu wanapiga makofi, na kila anayempenda anaingia kumchukua kutoka kwa yule anayecheza naye. Wimbo ukiisha yuko hoi, basi ajue amependwa.

Binti yake, Verdell, akanifuata kwenye ngazi. Kumbe mama alianguka bafuni wakati wa baridi! Sikuambiwa. Nyonga ilipata ufa, imeunga, lakini daktari amekataza mbwembwe. Kwa hiyo, akaniomba, kaka Lin, tafadhali, mzungushe taratibu, kisha akae. Machozi yanamlengalenga. Nikaahidi. Ningesemaje?

Jumapili, 11 Mei

Leo nimeharibu.

Mazoezi ya mchana. Bi Lurlene kaingia na viatu vyekundu, kanyoosha shingo — ng'ombe hazeeki maini! Wimbo ukawa wa kasi. Nikamchukua, nami nikamshika kama yai. Sasa dansi yetu ni ya kuvutana. Mmoja anaegemea nyuma huku, mwenzake nyuma kule, kila mmoja ndiye ukuta wa mwenzake. Mimi nikajizuia, sikumpa uzito. Alipoegemea nyuma hakukuta wa kumvuta! Akayumba. Nikamdaka kiunoni. Makofi yakakatika.

Akaniacha palepale, katikati ya wimbo. Kwetu mtu humaliza wimbo hata na anayemkanyaga vidole! Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani, aibu tupu. Na hasira. Si nilikuwa namlinda?

Jumatatu, 12 Mei

Hapokei simu.

Jumatano, 14 Mei

Nimempelekea samaki wa kukaanga. Akapokea samaki, mimi akanibakiza kizingitini.

"Verdell amekwambia."

Nikakubali.

"Sasa nisikilize, Linwood." Jina zima! "Kanisani wananishika kiwiko. Dukani wananibebea mfuko. Vijana wenu wakicheza na mimi, nawasikia kwenye vidole jinsi wanavyoniogopa. Wewe ulikuwa umebaki peke yako, unanivuta kama mtu. Nikianguka, nitaanguka nikicheza. Lakini wewe, mwanangu, ulitaka kuniangusha kwa huruma."

Akamega kipande cha samaki, akaonja.

"Na samaki hawana chumvi." Mlango ukafungwa.

Nimekaa kwenye ngazi zake nikalia kidogo. Nampenda yule mama, basi. Sitaki kumvunja. Sitaki kumpoteza akiwa mzima.

Jumapili, 18 Mei

Naandika nikiwa kwenye chumba cha makoti, bendi wanakula. Ukumbi umefurika! Kuku wa kukaanga wamekwisha, makaroni ya jibini yanapiganiwa. Watu wametoka hata Chicago. Mpiga ngoma kamwomba Bi Lurlene picha, akaambiwa kwanza amalize kutafuna.

Duara linaanza wakirudi. Bi Lurlene kapanga mwenyewe nani aingie lini. Mimi wa mwisho. Wa mwisho ndiye humaliza naye wimbo — heshima au adhabu, hakusema. Verdell naye kanikumbusha, taratibu, kaka Lin, uliniahidi. Maji yamenifika shingoni.

Ngoja —

Alikuwa hapa! Bi Lurlene, peke yake. Kauliza naandika nini, wasia wake? Nikacheka vibaya. Akaninyooshea mkono. Hakuna muziki, makoti kila upande. Nikamshika, nikajivuta nyuma nusu. Akasubiri tu, ananitazama. Akasema yeye hajaja kuchezewa nusu.

Basi nikaegemea. Mwili wangu wote huu! Naye akaegemea kwake, macho kafumba, anatabasamu kama msichana. Mmoja wetu angeachia, wote tungekuwa chini. Na alisimama, jamani! Aliposimama vile nikajua tukifika katikati sitajizuia.

Nilipoinua macho, Verdell yuko mlangoni. Ameona yote. Mama yake hata hakugeuka, akamwambia, "Tazama vizuri, mwanangu. Hivi ndivyo mama yako anavyosimama." Akaniachia polepole, akampita binti yake, akaenda zake ukumbini.

Tarumbeta zimeanza. Nasikia makofi, nasikia wanaita jina lake. Naandika nimesimama. Verdell bado yuko mlangoni, na hajasogea nipite.